Kidole cha Mwisho cha Amma

Mpendwa Shangazi Kokilavani,

Nisaidie, na kabla hujanisaidia nakuomba usilitaje jina langu, kwa sababu mwalimu wangu husikiliza ukurasa wako kila Ijumaa baada ya darasa, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, na anayemsomea ni mimi mwenyewe, kwa hiyo wiki utakayonijibu itabidi niseme gazeti halikuletwa au limelowa mvua.

Nina miaka thelathini na minne. Tangu nina miaka saba ni mwanafunzi wa kucheza ngoma kwa Amma Thilakavathi hapa mtaani Mylapore, na sote tunamwita Amma, yaani mama, lakini mimi nina haki zaidi ya wenzangu, kwa sababu mama yangu alipofariki ni yeye aliyenisuka nywele kila asubuhi mpaka nikamaliza shule, na sasa ni msaidizi wake, ninapiga matuazi, vile visahani viwili vya shaba, watoto wakicheza, ninawafunga njuga wadogo, na maishani mwangu sijawahi kumjibu neno mbele ya watu.

Jambo langu ni la kidole. Usinicheke, Shangazi. Unajua kwetu mkono ndio unaosema, miguu inafuata tu. Taji la mfalme linaonyeshwa kwa kiganja kilichonyooka, kidole cha pete kinakunjwa peke yake na kidole cha mwisho kinabaki kimesimama, na shida yote iko kwa hicho cha mwisho, ni kivivu, mwenzake akiinama na chenyewe kinataka kuinama, na kikiinama lile si taji tena, ni mkono mwingine kabisa, ule tunaoonyeshea kisu. Nilipokuwa mdogo changu kilikuwa kinaanguka kila siku, basi Amma akachukua chelewa ya ufagio akakifunga nayo kwa uzi wa mgomba, ule tunaotungia asumini, akanichezesha hivyo saa nzima huku akisema, "Mfalme wako kavaa kisu kichwani, binti. Nani atamwinamia huyo?" Nililia sana siku ile, lakini kidole kilisimama na mpaka leo hakijaanguka.

Sasa miaka miwili iliyopita Amma aliteleza bafuni. Mwenyewe alisema ni sabuni. Alilala siku tatu, akakataa daktari, akasema mcheza ngoma anayebebwa hospitali kwa sababu ya sabuni ni aibu ya mtaa, siku ya nne akarudi kwenye kiti chake na fimbo yake na ubao wake wa kugongea mapigo, nami nikashukuru Mungu, mpaka alipoinua mkono wa kulia kuwaonyesha watoto taji nikaona kidole cha mwisho kimelala. Nilidhani ni uchovu. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, kidole hakikuamka. Fimbo akaihamishia mkono wa kushoto, wa kulia akawa anauweka chini ya pindo la sari. Taji sasa hulionyesha mara moja tu, haraka, kisha huwaambia watoto, "Niangalieni uso, taji liko usoni." Kile kioo kikubwa cha ukutani alikiondoa mwaka huohuo, akasema kinawafundisha wasichana maringo, na chakula anakula peke yake chumbani, mimi nikisikia kijiko kinagonga sahani.

Lakini watoto hawaangalii uso. Mtoto wa ngoma anakula mkono wa mwalimu wake kama ulivyo. Mwaka haukuisha wasichana kumi na mmoja wote wakawa na kidole cha mwisho kilicholala, na akina mama wa watoto wanaokaa ukutani kutazama darasa wakawa wanasifu, "Ah, huo ndio mkono wa nyumba ya Thilakavathi, huupati kwingine," nami nimesimama hapo na matuazi yangu nimefunga mdomo. Mwezi wa nne tulicheza kwenye ukumbi wa hekalu, mpiga ngoma wetu akaniinamia sikioni katikati ya kisa akasema, "Dada, wafalme wenu leo wote wamevaa visu, kuna vita?" Akacheka. Mimi nikazidi kuyagonga matuazi.

Hapa ndipo anapoingia Yazhini. Ana miaka kumi na minne, ndiye bora tuliyempata tangu mimi nianze kusaidia, na Jumapili ya tarehe ishirini na sita mwezi ujao anapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, kwa muda wa saa mbili peke yake mbele ya watu, miaka minane ya kazi inapimwa siku moja, na unawajua wazee wa Mylapore wanaokaa safu ya mbele, hawasahau. Kisa chake kikuu ni cha mfalme. Taji linakuja mara kumi na tisa, nimehesabu. Mtoto huyu atasimama pale na kumvisha mfalme kisu mara kumi na tisa, na watakaomcheka hawatajua kwamba hakukosea, kwamba aliiga sawasawa alichoonyeshwa.

Nikaona siwezi kukaa kimya, nami badala ya kwenda kwa Amma nikaenda kwa mtoto. Asubuhi nne mfululizo nilipanda kwenye paa la nyumba yao, pale mama yake anapoanika papadi, vile vichapati vyembamba vya unga wa dengu, nikamfunga kidole kwa chelewa na uzi wa mgomba kama nilivyofungwa mimi. Akaniuliza, "Dada, mbona Amma hafanyi hivi?" Nikamjibu, "Amma ni mkubwa, wewe mdogo, fanya ninavyokwambia." Jibu la kipuuzi, najua. Siku ya nne kidole kikasimama chenyewe, na nakwambia kweli Shangazi, lilikuwa taji, nilitokwa na machozi pale kati ya papadi.

Siku ya tano darasani sikumwambia afiche. Sijui nilifikiri nini. Yazhini akafika kwa mfalme, akainua mkono, na fimbo ya Amma ikanyamaza.

"Rudia," Amma akasema.

Akarudia. Kidole kimesimama wima.

"Nani kakuchongea mkono huo? Seremala?" Wadogo wakaanza kucheka, akawatazama wakaacha. "Nauliza. Mkono huo umeutoa nyumba gani? Maana hapa kwangu kuna mlango mmoja tu, na wewe inaonekana umepata wa nyuma. Nani?"

Na aliposema "nani" mara ya pili, Shangazi, hakumtazama mtoto, alinitazama mimi. Nikainama nikajifanya nafungua kamba ya matuazi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, "mimi," na sikulisema, na kile kitoto cha miaka kumi na minne kikaniona ninavyohangaika na kamba, kikasema, "Nimejifunza mwenyewe, Amma."

"Mwenyewe?" Amma akasema polepole. "Basi na jukwaani panda mwenyewe."

Akamtoa nje. Akasema hatarudi mpaka alete mkono wa nyumba hii, na kama haji nao yeye Thilakavathi hatakaa jukwaani kumgongea mapigo siku hiyo, na wewe unajua mcheza ngoma kupanda mara ya kwanza bila mwalimu wake kumbariki ni afadhali asipande. Mama yake, Kothai, ananipigia simu kila siku. "Dada, mwanangu kakosa nini? Kadi tumeshagawa. Bibi yake anatoka Tirunelveli na magoti yale mabovu. Hebu mwombe Amma, si wewe ndiye mkono wake wa kulia?" Neno hilo lilinichoma, nikakata simu nikasingizia mtandao.

Juzi nikamkuta Yazhini getini, amekuja na njuga zake kwenye mfuko, anaogopa kuingia. Hakunilaumu hata kidogo. Akaniuliza tu, "Dada, nifanye mkono upi?" Nikamwambia subiri.

Nikimwambia Amma ukweli nitamvunja, mkono ule ndio maisha yake yote, na watu watasema nataka kumrithi angali hai. Nikimwambia mtoto aulaze tena ule mkono, apande na kisu, nitakuwa nimemuua mimi. Nikinyamaza siku ile inapita. Niambie, nifanye nini?

Mshika Matuazi, Mylapore

*

Mshika Matuazi,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilitamani uwe karibu nikufinye sikio, na nitakueleza kwa nini.

Majina nimeyabadilisha yote, hilo nimekutendea. Kidole nimekiacha, kwa sababu bila kidole hakuna barua.

Tuanze na mtoto, maana wewe umemweka mwisho. Msichana wa miaka kumi na minne amesema uongo mbele ya mwalimu wake, amefukuzwa mbele ya wenzake, njuga zake anazibeba kwenye mfuko kama kitu cha wizi, yote hayo ili wewe, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne, upate muda wa kufungua kamba. Alikuuliza afanye mkono upi, nawe ukamwambia subiri. Asubiri nini, binti yangu? Asubiri wewe ukue? Alijibu yeye swali uliloulizwa wewe. Ukimaliza kusoma hapa, usinywe hata chai, nenda nyumbani kwao. Mwombe msamaha yeye kwanza, kisha mama yake, kwa maneno haya haya: "Ni mimi niliyemfundisha, na nilinyamaza." Usiongeze "lakini." Ukihisi "lakini" inakuja, kunywa maji.

Sasa tuje kwa Amma. Umeniandikia kwamba ukimwambia ukweli utamvunja. Nataka ukae chini uisome barua yako kama imeandikwa na mtu mwingine. Mwanamke kahamishia fimbo mkono wa kushoto. Mkono wa kulia anauficha chini ya sari. Anakula kwa kijiko, yeye aliyekula kwa mkono maisha yake yote, tena peke yake chumbani. Taji analionyesha mara moja kisha anawaambia watoto waangalie uso. Na kioo! Miaka mingapi kioo kile kilikuwa ukutani bila kumfundisha mtu maringo? Kimeondoka mwaka ule ule kidole kilipolala. Wewe umeyaona haya yote, umeyaandika kwa mkono wako mzuri, halafu unaniambia hajui. Anajua. Amejua kabla yako. Anakijua kidole hicho kila anapochota wali kwa kijiko na kila anapofunga kishikizo. Kitu pekee asichokijua ni kama kuna mtu katika nyumba ile anayempenda vya kutosha kukitaja.

Unadhani alikasirika kwa sababu mtoto alikuwa na mkono sahihi? Hebu fikiri. Alimwambia arudie. Mtu aliyechukizwa na kitu hasemi rudia. Aliuona mkono wake mwenyewe, ule wa zamani, umesimama kwenye mwili wa mtoto, akautazama mara mbili. Na katika mji huu mzima mkono ule anao mtu mmoja tu mwingine, yule aliyefungwa chelewa akiwa na miaka saba. Kwa hiyo aliposema "nani" akikutazama wewe, hakuwa anatafuta jibu. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa anakufungulia mlango, nawe ukainama. Alichokikataa siku ile ni kufundishana kwa mlango wa nyuma, na bahati mbaya mtoto ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni.

Nakubali kumwambia mwalimu wako jambo kama hili kunatisha. Mimi mwenyewe nilifukuzwa darasa la ngoma nikiwa na miaka tisa kwa miguu mizito, na mpaka leo nikimwona mwalimu yule sokoni navuka barabara, na ana miaka tisini. Najua uzito wake. Lakini usinidanganye kwamba miaka miwili ulikuwa unamlinda yeye. Ulikuwa unalilinda jina lako, wasije wakasema unataka kiti. Watasema. Waache waseme. Wanawake wanaokaa ukutani wamesifu ugonjwa miaka miwili wakidhani ni ufundi, sasa wewe maneno yao yanakutisha kwa lipi?

Nenda hivi. Usiende na maneno mengi, na usiende kumsahihisha, kwa sababu si kazi yako kumsahihisha. Nenda na chelewa moja na uzi wa mgomba kidogo. Kaa chini, miguuni pake, mahali pako pa siku zote. Nyoosha mkono wako wa kulia, kunja kidole cha pete, mwulize, "Amma, kidole changu kimesimama?" Kisha nyamaza. Safari hii kunyamaza kwako kutakuwa na faida. Anaweza kukufokea. Anaweza kukutoa nje, na akikutoa kaa barazani mpaka akuite, hata kama ni siku mbili, nawe umezoea kula kwake kwa hiyo utasikia njaa, vizuri. Lakini mimi nadhani atakishika kidole chako, kama alivyokishika zamani, na akishakishika mpe ile chelewa. Asipoifunga kwako, atakupa chake ukifunge wewe.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Amwone daktari wa mishipa ya fahamu wiki hii, na sabuni isitajwe tena katika nyumba hiyo. Mwanangu, mkono uliolegea ghafla baada ya mtu kuanguka na kulala siku tatu huenda ni kiharusi, haukuwa wa kusubiri miaka miwili, lakini bado unaweza kufanyiwa mazoezi. Kioo kirudi ukutani. Darasani Amma aseme, wewe uonyeshe, na awaambie watoto waziwazi kwamba mkono wa kufuata sasa ni huo. Akilitamka yeye, hujaiba kiti cha mtu. Watoto kumi waliobaki watafungwa chelewa, watalia, watapona. Yazhini aitwe ndani kwa jina lake mbele ya wale wale waliocheka, na wewe ndiye utakayesema ilivyokuwa, kwa sauti. Na tarehe ishirini na sita Amma akae jukwaani na fimbo yake mkono wa kushoto, mbele ya safu ya kwanza yote, asifiche kitu.

Toleo hili linatoka Ijumaa, tarehe kumi. Zimebaki siku kumi na sita, zinatosha kabisa kama hutapoteza hata moja. Najua utakuwa umelinunua asubuhi ukalisoma umesimama, na sasa hivi unapima kama mvua ya leo inatosha kulilowesha gazeti. Haitoshi. Leo jioni, maji ya moto yakishatiwa kwenye beseni na ile chelewa na uzi viko kando yako, utalifungua ukurasa huu na utausoma wote, kuanzia pale juu ulipoandika nisilitaje jina lako, kwa sauti yako ya kila Ijumaa, bila kuruka mstari. Ukifika hapa usiinue macho bado.

Na wewe Amma, uliye na miguu majini, shikamoo. Huyo anayekusomea sauti inamtetemeka, lakini amefika mwisho. Utoe mkono wako chini ya sari, umpe.